Kutoka Msimulizi hadi Tovuti ya Halmashauri: Msomaji wa Lupaso Huvutwa na Nini?

Mwaka 2017 serikali yetu ilizindua kwa mkupuo mmoja tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185 za Tanzania Bara. Tangu wakati huo, kila ninapokutana na maofisa habari wa halmashauri katika warsha na semina, husikia lalamiko lilelile likisemwa kwa sauti ya chini wakati wa chai: tumejenga, tumezindua, tumekata utepe, mbona watu hawaji? Wataalamu wa teknolojia huwajibu haraka. Wekeni picha nyingi, chagueni maneno yanayotafutwa na watu, unganisheni tovuti na kurasa za mitandao ya kijamii, hakikisheni inafunguka upesi kwenye simu. Sina ugomvi na ushauri huo. Lakini mimi ni mwalimu wa historia, na ninapolisikia swali hilo naona halina upya wowote. Lina umri wa zaidi ya miaka 130, na limewahi kujibiwa, mara vizuri na mara vibaya, na watu waliofanya kazi bila umeme, bila barabara na bila fedha.

Nachagua kulijibu nikiwa nimesimama Lupaso, kijiji cha Wilaya ya Masasi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Lupaso ni mbali, na umbali huipima habari kuliko kitu kingine chochote: mjini gazeti baya hununuliwa kwa mazoea, lakini kijijini habari isiyo na kazi haifiki. Ya pili ni kwamba hapo ndipo alipozaliwa, tarehe 12 Novemba 1938, Benjamin William Mkapa, na hapo ndipo alipozikwa tarehe 29 Julai 2020. Wengi tunamkumbuka kama Rais wa awamu ya tatu. Tunasahau kwamba kabla ya ubalozi, uwaziri na urais, kwa miaka minane kuanzia 1966 mkate wake wa kila siku ulikuwa uhariri wa magazeti. Kazi ya mhariri ni kumtafuta msomaji, na mwana huyo wa Lupaso aliijua kazi hiyo kwa utamu wake na uchungu wake.

Masasi yenyewe haikuanza kusoma jana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza msafara wa watumwa waliokombolewa kutoka Unguja, akiwa na nia ya kuwarudisha katika nchi za Wayao walikotekwa. Walifika Masasi wakaweka makazi. Mwaka 1882 Magwangwara, yaani Wangoni, walikishambulia kijiji hicho, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala, kwa mfalme Matola. Miaka sita baada ya shambulio hilo, katika shule ya Kiungani kisiwani Unguja, lilizaliwa gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Wapiga chapa walikuwa vijana wa shuleni, na sehemu kubwa ya habari zake iliandikwa na walimu na wanafunzi Waafrika waliotawanyika katika vituo vya misheni, Masasi na Newala vikiwamo.

Nawaomba wanafunzi wangu watulie kidogo hapa. Mwalimu wa Newala wa mwaka 1888 alikuwa na sababu gani ya kulingoja gazeti dogo kutoka Unguja, lililomfikia kwa chombo hadi Lindi na kisha kwa mabega ya wapagazi? Watu hawa walikuwa wamenyang'anywa ukoo. Wengi walitekwa wakiwa watoto, hawakujua baba yuko wapi wala kama mama yu hai. Ndugu zao waliobaki walikuwa wale waliokaa nao dawati moja Kiungani, na sasa mmoja alikuwa Magila, mwingine Mbweni, mwingine ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Gazeti lilipokuja na habari kwamba fulani ameoa, fulani amefiwa, fulani amepewa ushemasi, msomaji alikuwa anapata habari za nyumbani. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, alipelekwa Chitangali, katika nchi hiyohiyo, mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri. Fikiria habari ya namna hiyo ilivyosomwa na wenzake! Wahariri wa Msimulizi hawakuhitaji kumvuta mgeni yeyote. Waliokuwa wakiandika ndio waliokuwa wakisoma, na kila barua iliyochapishwa ilizaa wasomaji wengine kumi waliotaka kujua kama na wao wametajwa.

Serikali ya Wajerumani ililifahamu jambo hilo. Gazeti la Kiongozi, lililotoka katika shule ya Tanga kuanzia 1904 hadi Vita vya Kwanza vilipolizima, liliwategemea walimu na makarani wa miji mbalimbali walioliandikia habari za mahali walipo. Lakini shule kubwa zaidi ya somo hili ni Mambo Leo.

Mambo Leo lilianza Januari 1923, likitolewa na Idara ya Elimu ya Tanganyika chini ya Mwingereza Frederick Johnson. Shabaha ya waliolianzisha haikuwa siri: kumlea raia mtiifu, afahamu usafi, kilimo bora na ukubwa wa Dola ya Mfalme. Kama lingebaki na shabaha hiyo peke yake, naamini lingekufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Likaishi miaka 40, kupita mwisho wa ukoloni wenyewe. Liliokolewa na kurasa za nyuma. Huko ndiko zilikokuwa habari za miji, barua za wasomaji na mashairi. Msomaji wa Lindi aliandika kwamba mvua zimechelewa na simba amevamia kijiji. Mwingine aliuliza maana ya ustaarabu, au kama mtu anastahili heshima kwa nasaba au kwa tabia, na wa tatu, asiyemjua na aliyekaa mbali naye kwa mwendo wa majuma, akamjibu.

Kisha yalikuwapo mashairi, na katika hili Waswahili walikuwa mbele ya wataalamu wa leo wanaotufundisha namna ya kumrudisha mgeni kwenye ukurasa. Mshairi alitunga swali au fumbo na kuwataka wenzake walifumbue. Jibu halikuweza kuja siku ileile. Lilikuja katika toleo la mwezi ujao au wa pili yake, kwa vina vilevile na mizani ileile, na pengine likiwa na kijembe kilichohitaji kujibiwa tena. Ukilikosa toleo moja, umelipoteza pambano. Shaaban Robert, wakati huo karani wa forodha, ni mmoja wa waliojitambulisha kwa wasomaji wa nchi nzima kupitia kurasa hizo. Mwaka 1946 mashairi ya gazeti hilo yalikusanywa yakatolewa kitabuni kwa jina la Mashairi ya Mambo Leo. Ni magazeti mangapi ya serikali leo yanaweza kutoa kitabu cha maneno ya wasomaji wake, mtu akakinunua kwa fedha yake mwenyewe?

Jambo jingine ambalo takwimu za mauzo hazikulionyesha ni baraza. Nakala moja ilisomwa kwa sauti mbele ya watu ambao wengi hawakujua herufi. Mwenye kujua kusoma alipata heshima, wasiojua walipata habari, na gazeti lilipata wasikilizaji ambao hakuna mhasibu aliyewahesabu. Maofisa wanaoniambia tovuti yao ilifunguliwa mara kadhaa tu kwa mwezi huenda wanalia kwa sababu sahihi, lakini kipimo chao ni kile kilichoshindwa kuliona baraza.

Mambo Leo lilikuwa na ukuta wake pia. Siasa haikupita. Mtu aliyetaka kusema kwamba mshahara wa Mwafrika haumtoshi au kwamba mfanyabiashara mdogo ananyongwa na leseni hakuwa na ukurasa. Ndipo Novemba 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyekuwa akifanya biashara Dar es Salaam, akaanzisha Kwetu. Lilitoka kila baada ya siku 18, ratiba ya ajabu inayoonyesha jinsi fedha zilivyokuwa za kuungaunga, likadumu hadi 1951. Jina lile, Kwetu, lina maana kubwa kuliko maelezo yangu. Miaka sita baada ya kufa kwake TANU ikatoa Sauti ya TANU, karatasi za kurudufiwa. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere akashtakiwa kwa makala aliyoiandika humo dhidi ya wakuu wa wilaya wawili, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Waendesha mashtaka walidhani wanaliziba mdomo gazeti. Hakuna tangazo ambalo lingelipatia umaarufu mkubwa kuliko kesi ile.

Sasa turudi kwa mwana wa Lupaso. TANU ilikuwa na Uhuru kwa Kiswahili tangu 1961, na mwaka 1964 ikaanzisha The Nationalist kwa Kiingereza. Mkapa, aliyehitimu shahada yake ya Kiingereza Makerere mwaka 1962, alikabidhiwa uhariri wa magazeti hayo mwaka 1966, akiwa bado hajafikisha miaka 30. Mbele yake alikuwapo mshindani mzee: The Standard, gazeti lililoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya walowezi na wafanyabiashara wa Kizungu. Kwa mantiki ya kisiasa, The Nationalist lilipaswa kushinda asubuhi na mapema. Nyuma yake kilikuwapo chama tawala chenye matawi nchi nzima. Hata hivyo halikuweza kumwondoa mkongwe yule sokoni.

Kwa nini? Kuna wanaosema ni lugha, kwamba wasomaji wa Kiingereza walikuwa wachache na tayari walikuwa na mazoea yao. Ni kweli kwa sehemu. Mimi naweka uzito zaidi kwenye hotuba. Gazeti la chama lilibeba maneno ya viongozi kwa urefu wake, na mtu aliyekwisha kuisikia hotuba redioni jana jioni hakuwa na sababu ya kuinunua tena asubuhi. Linganisha na Ngurumo, gazeti la Kiswahili la mfanyabiashara binafsi lililoanza 1959, la bei ya chini na uchapaji hafifu, lakini lililopendwa na vibarua wa Dar es Salaam kwa sababu walijiona humo, pamoja na ugomvi wao, kesi zao na mitaa yao. Au linganisha na Cheche, jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililoanza 1969. Lilirudufiwa kwa mikono yao wenyewe, likasomwa na kubishaniwa hadi serikali ikalifungia mwaka 1970. Chama chenye dola kilihangaika kupata wasomaji, na vijana wenye mashine ya kurudufia walikuwa nao hadi wakawa tishio.

Tarehe 5 Februari 1970 The Standard lilitaifishwa, likapewa mhariri mpya, Frene Ginwala wa Afrika Kusini, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge la nchi yake mwaka 1994. Mwalimu aliliahidi uhuru wa kukosoa. Aprili 1972 likaunganishwa na The Nationalist, likazaliwa Daily News, na mhariri wake akawa Mkapa. Tatizo la wasomaji likawa limetatuliwa kwa njia ya mkato: msomaji hakuwa tena na pa kwenda. Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma makala haya waitazame vizuri njia hiyo, kwa maana bado inatumika. Mwananchi anayelazimika kuingia katika mfumo wa serikali kulipa kodi au kuomba ajira huhesabiwa kuwa mgeni, ilhali yule ni mfungwa wa foleni. Msomaji wa namna hiyo huondoka siku mlango mwingine unapofunguka, na ndivyo ilivyokuwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, magazeti binafsi yaliporuhusiwa kupumua. Majira lilipoingia mitaani mwaka 1993 hapakuhitajika mhadhara wa kumweleza mtu kwa nini alinunue.

Nisionekane nasema kwamba kila kilichofanywa na dola ya wakati ule kilikuwa bure. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, na hadi leo naitaja darasani kama kazi kubwa kuliko zote za mawasiliano zilizowahi kufanywa nchini. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, vijijini na mijini, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasoma kijitabu pamoja na kiongozi wao, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Saa ya kipindi ilijulikana. Mahali palijulikana. Mwisho wa mjadala palikuwa na jembe. Sitaki kuipamba, hiyo ilikuwa miaka ya operesheni za vijiji, na mstari kati ya kuhamasishwa na kusukumwa ulikuwa mwembamba. Hata hivyo, kitu kinachofika kwa saa yake hujenga mazoea. Mkapa mwenyewe, alipokuwa Rais, alizungumza na taifa kila mwisho wa mwezi kupitia redio na televisheni, na hata waliompinga walijua lini watamsikia. Tovuti ambayo habari yake ya mwisho ni ya mwaka juzi haiwezi kuota mazoea kwa mtu yeyote.

Wakati huohuo watu wa Masasi na Newala walikuwa wamejifunza kusoma kwa wingi. Takwimu za serikali zinasema wasiojua kusoma walikuwa takriban theluthi mbili ya watu wazima mwaka 1967, na mwaka 1986 wakawa chini ya asilimia 10. Kilichokosekana ni kitu cha kusoma. Magazeti ya Dar es Salaam yalilazimika kuvuka Rufiji kwa kivuko, na masika yalipokolea Kusini ilikuwa kama kisiwa. Mwaka 2003 lilifunguliwa daraja la mita 970 juu ya mto ule, na kwa haki lilipewa jina la Mkapa. Huwa nawatania wanafunzi wangu kwamba hiyo ndiyo kazi yake bora ya uhariri: hatimaye aliifikisha nakala kwa msomaji wa nyumbani. Na hata hapo, kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga kiliendelea kuwanyima watu usingizi kwa miaka mingi baadaye.

Mwaka huohuo wa 2003 serikali yake ilipitisha sera ya kwanza ya taifa ya teknolojia ya habari na mawasiliano. Lakini tovuti ya kwanza ya Kiswahili kupata umati wa kweli haikutoka katika sera. Ilitoka Helsinki, Ufini, Septemba 2005, kwenye mkutano ulioandaliwa kwa pamoja na serikali za Ufini na Tanzania, miezi mitatu kabla Mkapa hajaondoka Ikulu. Issa Michuzi, mpigapicha wa Daily News, lile gazeti ambalo Mkapa alikuwa mhariri wake wa kwanza, alifunguliwa blogu yake huko kwa msaada wa Ndesanjo Macha, mtangulizi wa uandishi wa Kiswahili mtandaoni. Ndani ya muda mfupi kila Mtanzania wa ng'ambo mwenye kompyuta alikuwa akiifungua asubuhi.

Humo zilikuwamo picha za harusi, misiba, mahafali, watu waliokutana uwanja wa ndege, mtaa wa Dar es Salaam baada ya mvua. Wasomaji aliwaita wadau, neno la kiofisi alilolishusha mitaani, nao wadau wakatuma picha zao wenyewe kutoka London, Washington na Muscat. Ukiiweka kando ya Msimulizi la 1888 utaona ni kitu kimoja: watu waliotawanyika wakitafuta ndugu zao kwenye ukurasa. Mwaka uliofuata vijana wawili, Maxence Melo na Mike Mushi, wakaanzisha jukwaa lililokuja kuitwa JamiiForums, nalo likawapa watu alichowapa Fiah, pa kusema lisilopita kwingine, safari hii kwa majina ya kupanga. Waanzilishi walikamatwa mwaka 2008 na, kama ilivyokuwa 1958, wasomaji wakaongezeka.

Dola ilijibu kwa kalamu ya kanuni. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, 1,000,000 za leseni na nyingine 1,000,000 kila mwaka. Juni mwaka huo JamiiForums ilisimama kwa muda, na blogu nyingi ndogo zikafungwa na wenyewe kimyakimya. Hivyo ndani ya muda mfupi serikali ilijenga tovuti zaidi ya 200 zisizo na wasomaji na kuzitoza ada zile zilizokuwa nao. Ada hizo zimerekebishwa baadaye, lakini kijana wa Newala aliyekuwa akiandika habari za tarafa yake kwa simu hajarudi.

Nini kinapotea wasomaji wanapokosekana? Kusini tunalo jibu, na ni jibu la damu. Mwishoni mwa 2012 watu wa Mtwara waliandamana wakihoji kwa nini gesi ya kwao isafirishwe kwa bomba hadi Dar es Salaam. Januari 2013 vurugu zilifika Masasi, nyumba na ofisi zikachomwa, na Mkapa mwenyewe akatoa tamko la kuwasihi wananchi na serikali wakae wazungumze. Mei mwaka huo, kabla ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kusomwa bungeni, vilisambazwa vipeperushi visivyo na jina la mwandishi vikiwataka watu wafunge shughuli na kuisikiliza hotuba ile. Wakaisikiliza. Tarehe 22 Mei mji ulilipuka. Watu walikufa, mali ikateketea, jeshi likaingia mitaani.

Naomba msomaji apime jambo hili bila hamaki. Wizara ilikuwa na tovuti. Ilikuwa na takwimu za gesi, mikataba, wataalamu. Kipeperushi kilichorudufiwa kwa fedha ya chai kilisomwa na mji mzima kwa sababu kiliuliza swali ambalo mji mzima ulikuwa unaliuliza: sisi tutapata nini? Tovuti ya serikali ilikuwa inajibu swali la mfadhili na la mwekezaji. Uvumi haukuishinda kwa uongo wake. Uliishinda kwa kuwa ndiyo habari pekee iliyomtaja mtu wa Mtwara kama mhusika. Ofisa anayedhani idadi ya wageni ni suala la kupamba ripoti ya robo mwaka angetembelea Mtwara aone bei ya kutokuwa na wasomaji.

Nimezipitia tovuti nyingi za halmashauri, za Kusini na za kwingineko, na sitataja hata moja, kwani zinafanana mno. Ukurasa wa mbele ni kiongozi akipokea wageni, kiongozi akikagua darasa, kiongozi akipanda mti. Ni The Nationalist la 1966 bila uhodari wa mhariri wake. Mwananchi anapotokea, hutokea mgongo akimsikiliza kiongozi. Mahali pa maoni pamewekwa kisanduku, na ukiandika humo hurudishiwi neno. Mambo Leo, gazeti la mkoloni, lilikuwa linajibu.

Mkulima wa Lupaso anauliza maswali yanayojulikana kwa majina yake. Ni mkulima wa korosho, na maisha yake yote ya mwaka yako katika miezi michache kuanzia Oktoba, mnada unapoanza. Tangu 2007 anauza kwa stakabadhi ghalani kupitia chama cha msingi na chama kikuu, MAMCU. Anakumbuka Novemba 2018, wanunuzi walipotoa bei ndogo na Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wanajeshi watabeba mzigo. Aliuona msimu wa 2024 mnada ukihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, na bei ya mnada wa kwanza ikipita shilingi 4,000. Anachotaka kujua jioni ya mnada ni kilo imeuzwa bei gani kwa ghala lake, makato ni kiasi gani na ya nini, fedha itaingia lini, na salfa ya ruzuku ya msimu ujao iko wapi. Halmashauri nayo inapata ushuru wake katika zao hilohilo, kwa hiyo haiwezi kusema majibu hayaihusu.

Ofisa habari mmoja kijana niliyemweleza haya alinijibu kwamba bei ni kazi ya Bodi ya Korosho, makato ni ya ushirika, salfa ni ya wizara, na yeye amepewa kamera na ratiba ya mkurugenzi. Sikumlaumu. Nilimuuliza tu kama vijijini kuna mahali bei hizo zinapoandikwa. Akasema zipo: katika ofisi ya chama cha msingi hubandikwa karatasi ukutani yenye bei na makato, na asubuhi yake watu hujaa pale, wenye simu janja huipiga picha, wenye vitochi huwapigia ndugu zao na kuwasomea tarakimu moja moja, na kabla ya adhuhuri picha hiyo imeshafika Dar es Salaam na Zanzibar kwa watoto wanaongojea ada. Nikamuuliza kama amewahi kuiweka kwenye tovuti ya halmashauri yake. Alisema hakuna aliyewahi kumwomba.